Simsim Haipigwi kwa Rungu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Maombi yaliyoletwa wiki hii yalikuwa mengi, lakini ukiyachambua yalibeba swali moja. Huyu analileta akitaja kazi iliyokwisha, yule akitaja mtoto asiyepona: kama Mungu ananipenda, na anajua yote, mbona mimi nimepigwa hivi na mwenzangu ameguswa tu kidogo? Na jibu letu la haraka tunalijua sote. Tunamsomea Mithali 3:5, "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe," kisha tunaendelea na matangazo. Andiko ni la kweli kabisa. Ila tumezoea kuligawa kama panadol, na mtu anarudi nyumbani na maumivu yale yale.

Fungueni Isaya 28, aya ya 23 hadi ya 29. Ni fungu lisilohubiriwa sana, na huku kwetu Busia, Siaya, Bungoma na Kakamega hatuna udhuru wa kutolielewa, maana limeandikwa kwa lugha ya shamba. Nabii anasema na wakuu wa Yerusalemu waliokuwa wakidhihaki neno, na sura imeanza na Efraimu, ufalme wa kaskazini ambao mji wake Samaria ulianguka mikononi mwa Ashuru mwaka wa 722 KK. Kumejaa mafuriko, mvua ya mawe, hukumu. Ghafla anasema tegeni masikio, na anaanza kueleza jinsi mkulima anavyofanya kazi.

Kwanza kulima. Je, alimaye hulima siku zote? Hapana. Analima, anarudia kuvunja mabonge, anasawazisha, basi. Atakayeendelea kugeuza udongo hadi Mei mvua ya masika itampita, na shamba lake litakuwa laini ajabu lakini tupu. Halafu kupanda: kila mbegu mahali pake. Mahindi tunayapa sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Simsim ukiifukia kina cha mahindi haitoki. Yenyewe inataka sentimita 2 au 3 tu za udongo juu yake. Hayo tuyapite, maana uzito wa fungu uko kwenye kupura.

Isaya anataja mbegu mbili ndogo. Ya kwanza, kwa Kiebrania, wengi huichukulia kuwa habasoda. Ya pili ni jira, ile ya pilau. Anasema hizo hazipurwi kwa chombo chenye meno, wala gurudumu la gari halipitishwi juu yake. Moja hupigwa kwa fimbo, nyingine kwa ufito. Ni nafaka ya mkate inayopitiwa na gurudumu na farasi, na hata hiyo mkulima haipuri milele wala haisagi ikawa unga pale uwanjani.

Sasa waza mavuno yetu. Simsim huvunwa maganda ya chini yakianza kugeuka manjano, kabla hayajafunguka. Ukichelewa yanapasuka yenyewe, na mbegu zinabaki chini kwa ndege na sisimizi. Unakata mashina, unayafunga vicha, unavisimamisha wima maganda yakitazama juu ili yakauke bila kumwaga. Yakishafunguka, unatandika turubai, unakipindua kicha kichwa chini na kukitikisa. Mbegu zinashuka kama mvua. Ukihitaji fimbo, ni kugonga kidogo tu shina. Mtu akiiendea simsim kwa rungu la kupigia mahindi guniani, mbegu zinarukia nyasini, zilizobaki zinapondeka na kutoa mafuta, na mafuta hayo yataharibika upesi.

Maharagwe yana namna yake. Yanang'olewa asubuhi umande ukiwapo, maana jua likipanda maganda yanapasukia mkononi. Yakishakauka yanapigwa kwa fimbo juu ya turubai, lakini kwa kipimo: yakiwa makavu mno na mkono ukiwa mzito, punje inapasuka vipande viwili. Nusu hiyo italiwa, ila haitaota tena. Wimbi linavumilia zaidi. Vichwa hukatwa kwa kisu, huanikwa, hupigwa, kisha hupepetwa kwa ungo. Mahindi ndiyo yanayostahimili mashine, na hata hayo yana sharti. Ukiyapukuchua yakiwa mabichi punje zinavunjika, na kwenye ufa kuvu inaingia na kuleta sumukuvu. Ghalani yanatakiwa unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo hutia punje na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, anatikisa, anasubiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Na kule Njoro kwenye ngano, dereva wa kombaini, mashine ya kuvuna na kupura, hurekebisha kasi ya ngoma inayopura na kupanua au kubana nafasi inamopita nafaka, kulingana na zao na unyevu wake. Akikosea, nusu ya gunia ni punje zilizovunjika.

Sasa swali la wiki hii lirudi mezani. Simsim ikiyaona mahindi yakiingia mashinani, iseme mahindi hayapendwi? Au mahindi yailalamikie simsim kwa kuwa imetikiswa tu? Mkulima anayempa kila mmoja pigo lile lile ndiye asiyejua mazao yake, au hajali atakachopata. Anayeyapenda mavuno ndiye anayebadilisha mkono. Isaya anasema mkulima amefundishwa hayo na Mungu wake. Basi aliyemfundisha mkulima kutoiponda jira, yeye mwenyewe ataiponda? Hapo ndipo upendo na hekima vinapokutana. Upendo bila hekima ungemwacha mtu ndani ya ganda lake kwa huruma, na mbegu iliyobaki kwenye ganda haipandwi wala hailiwi. Hekima bila upendo ingetupitishia sote gurudumu, ikaita hiyo haki. Huyu wetu ndiye anayenenwa katika Isaya 42:3, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Na katika sura hii hii ya 28, aya ya 21, hukumu yenyewe inaitwa kazi yake ya ajabu, kazi iliyo ngeni kwake. Mshike hapo, mpendwa. Anajua wewe ni zao gani. Anajua umekauka kiasi gani. Na uwanja wa kupuria si nyumba. Hakuna mkulima anayehamia pale.

Lakini lazima niseme neno, na atakayeudhika aniudhikie mimi.

Si kila fimbo iko mkononi mwa Bwana. Tumewaambia akina mama wanaopigwa nyumbani, "Vumilia, Mungu anakupura utoke dhahabu." Nani alitutuma? Ufito ulioshikwa na mume mlevi haugeuki kuwa ufito wa Mungu kwa sababu mzee wa kanisa ameombea nyumba ile. Kumtumaini Mungu kwa dada huyo kuna hatua zake: atoke kwanza afike mahali salama, aende hospitali atibiwe, na majeraha yaandikwe, aripoti kituo cha polisi, apewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari, na simu ya 1195 ya msaada kwa wanaodhulumiwa ni ya bure. Mshirika mmoja aende naye, maana akiwa peke yake atarudishwa nyumbani kwa maneno matamu. Wanaomrudisha wakitumia Mithali 3:5 wamefanya kama wale marafiki wa Ayubu, na Mungu aliwakemea mwishoni mwa kitabu.

Vilevile mgonjwa wa sukari au wa presha anayeambiwa kuacha dawa ndiyo imani. Fungu letu la Isaya 28 linasema maarifa ya mkulima yametoka kwa Mungu. Ya daktari yametoka wapi?

Na matangani. Hapo ndipo tunapopiga simsim kwa rungu kila Jumamosi. Mama amezika mtoto, udongo haujakauka, na kuna mtu ameshika maikrofoni anamwambia asilie kama wasio na tumaini. Paulo hakukataza kulia. Aliwaagiza Warumi walie na waliao, 12:15. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema tu, nalo liko 2:13: waliketi naye chini siku 7 mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Taabu ilianza walipofungua kinywa.

Kwa hiyo wanaokwenda matangani wiki hii: fikeni mapema kabla ya umati. Mamlaka ya jikoni ni ya wenyeji, ulizeni kinachohitajika. Mara nyingi ni maji, kuni, na mtu wa kuosha sufuria. Kaeni karibu na mfiwa, na mkiulizwa "kwa nini," semeni hamjui. Mahubiri yakiwa lazima, yasizidi dakika 10. Mkiombwa andiko, someni Zaburi ya 13 yote, ni aya 6, bila kuruka mwanzo ambapo "hata lini" inarudi mara 4. Mwacheni mfiwa afike aya ya 5 kwa miguu yake mwenyewe, hata kama ni mwezi wa tatu baada ya mazishi. Mwezi huo wa tatu, wakati turubai zimerudishwa na boma limekuwa kimya, mtu arudi pale na kilo 2 za unga na majani chai, akae.