Daktari, Nora, na sasa nyanya

Jumapili, usiku

Leo kwenye matatu ya Lang'ata utingo amenipigia kelele tangu nikiwa mbali: "Daktari! Kiti cha mbele ni chako, mama!" Nikaingia. Kabla hatujafika Nyayo, mzee aliyekaa dirishani alikuwa amenimalizia habari zote za presha yake, dawa anazomeza, na ile aliyoiacha kwa sababu inamkausha mdomo. "Mzee wangu, mimi ni daktari wa televisheni tu," nikamwambia. "Najua, mama," akasema, "lakini si huwa wanakufundisha kidogo kabla ya kukupiga picha?" Nikamshauri arudi pale alipoandikiwa dawa. Akashukuru sana, akashukia Madaraka.

Tamthilia yenyewe ilimalizika kupigwa zamani, ila bado inarudiwa mchana watu wakiwa kwenye chakula. Mimi nililipwa mara moja, kwa hesabu ya vipindi, na kile kipande cha mwisho cha malipo nilikifuatilia kwa simu hadi mhasibu akawa ananitambua kwa sauti kabla sijajitaja. Sura yangu inaendelea kwenda kazini bila mimi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamtambua mwigizaji na haki zake, hilo lipo kwenye karatasi. Lakini mikataba mingi tunayowekewa mezani ina kifungu kimoja, mara nyingi karibu na mwisho, kinachomeza kila kitu.

Hapo huwa namkumbuka Benson Wanjau. Nchi nzima ilimwita Mzee Ojwang, tangu enzi za Vitimbi kwenye runinga ya taifa, yeye na Mama Kayai wake, ambaye ni Mary Khavere. Alipofariki mwaka 2015, nilikuwa kwenye kibanda cha chai taarifa ya habari ikisomwa, na mama muuzaji akauliza, "Benson ndiye nani?" Picha ilipotokea akaweka kikombe chini, akashika kichwa. Julai 2020 ikawa hivyo tena kwa Charles Bukeko: watu walimlilia Papa Shirandula, mhusika wake wa kwenye runinga. Wenzangu husema hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, mhusika kukumeza mzima mzima. Nakubali nusu. Jina la mhusika hukupa kiti cha mbele kwenye matatu, lakini ukienda benki kuomba mkopo wanataka lile la kitambulisho, na hilo hawalijui.

Mimi ni mtoto wa jukwaa. Nimekulia kwenye ngazi za Ukumbi wa Kitaifa wa maigizo, Nairobi, tukisubiri mtu atoke aseme wanahitaji msichana wa kubeba sinia. Ukumbi ule ulifunguliwa mwaka 1952, mkabala na hoteli ya Norfolk, na wakati huo ulikuwa wa walowezi kuliko wa wenyeji. Mwaka 1976 ndipo igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi lilipopandishwa pale, na watazamaji wakaungana na waigizaji kucheza ngoma. Kila mwigizaji wa zamani niliyewahi kukutana naye alikuwepo usiku ule. Ukiwakusanya wote, ukumbi haungewatosha.

Kulikuwa pia na Phoenix, katika barabara ya Bunge, ukumbi mdogo ulioanzishwa na James Falkland miaka ya 1980, ambapo ukipiga chafya jukwaani mtu wa mstari wa kwanza anakwambia afya. Pale ndipo Lupita Nyong'o alipocheza Juliet akiwa bado msichana wa shule, miaka mingi kabla ya Oscar ya 2014. Phoenix haipo tena. Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, ipo, na Ukumbi wa Kitaifa ulifanyiwa ukarabati ukafunguliwa upya 2015. Vichekesho vya wikendi huvuta watu. Wewe ukilipa tiketi unadhani tumetajirika, kumbe kwanza alipwe mwenye ukumbi, alipwe wa taa, alipwe aliyechapisha mabango, ndipo tukae nyuma ya pazia tugawane kilichobaki.

Kutoka huko nikaingia kwenye kamera na sauti yangu ya kufika kiti cha mwisho. Mwelekezi akanisikiliza sentensi mbili, akavua vidude vya masikioni, akauliza kwa upole, "Unamwita nani huko nje? Kipaza sauti kiko kifuani mwako." Kazi ya jukwaani ni kuongeza, kwa sababu yule wa nyuma hakuoni nyusi. Mbele ya kamera unapunguza, unapunguza tena, mpaka unahisi hufanyi kitu. Kisha unaonyeshwa picha na bado umezidisha.

Halafu hakuna mpangilio. Jukwaani hadithi inaanza mwanzo na kuishia mwisho, na moyo wako unapanda nayo. Sisi tulipiga matukio yote ya hospitali kwa mkupuo, ya kipindi cha kwanza na ya mwisho, kwa sababu kitanda cha hospitali kilikuwa cha kukodi. Na nyumba tuliyopigia ilikuwa Lang'ata, karibu na uwanja wa Wilson. Siku niliyokuwa nikimpasha mama mmoja habari ya kifo cha mwanawe, tumefika pale penyewe, fundi wa sauti akainua mkono: ndege ndogo inapaa, labda inapeleka watalii Mara. Kila mtu akaganda. Yule mama, dada mmoja ninayemheshimu mno katika kazi hii, hakusogea, hakufuta jicho. Akayashikilia machozi yake pale pale ukingoni, mlio ukapungua, ukaisha, fundi akashusha mkono, na ndipo yakadondoka. Mimi nilikuwa karibu kusahau maneno yangu kwa kumtazama. Watu wa jukwaani hupenda kusema filamu ni kazi ya sura nzuri. Wangekuwa chumbani humo wangenyamaza.

Lakini kodi yangu ya nyumba, miaka mingi, imelipwa na wanafunzi wa sekondari.

Nazungumzia setibuku. Wasiojua: tamthilia ikiteuliwa kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, makundi ya waigizaji wa Nairobi huikariri na kuzunguka nayo shule kwa shule, kila mwanafunzi akichangia kiingilio kidogo. Tunaondoka mjini alfajiri, basi limejaa watu waliolala na masanduku ya mavazi, asubuhi shule moja, alasiri nyingine. Tunachezea kwenye bwalo, meza za kulia zimeunganishwa zikawa jukwaa, harufu ya githeri ya mchana inapikwa nyuma yako. Wenzetu wengi wanaidharau kazi hii. Aliyepata kipindi cha televisheni hataki ijulikane kwamba Jumanne iliyopita alikuwa juu ya meza Machakos. Nawashangaa, kwa sababu sijaona hadhira kali kama ile.

Wanakaa na vitabu mkononi. Ukifika mwisho wa ukurasa, bwalo zima linafungua ukurasa kwa pamoja, fwaaa, nawe unajua uko mahali pake. Siku moja mwenzangu aliruka kutoka katikati ya onyesho hadi karibu na mwisho wake. Karatasi zikaanza kupekuliwa mbele, nyuma, minong'ono ikapanda, na msichana mmoja wa mstari wa mbele akamwinulia kitabu, kidole kikiwa kwenye mstari alioacha. Jamaa akausoma pale pale kwa mbali, akaendelea. Makofi yake yalikuwa makubwa kuliko ya mwisho wa mchezo.

Nora nilimchezea huko. Yule wa A Doll's House, tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen ya mwaka 1879, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kwenye orodha ya setibuku za Kiingereza. Mnakumbuka anavyomaliza: anamwacha mume, anaacha watoto, anafunga mlango nyuma yake. Bwaloni hakuna mlango. Kwa hiyo nilitoka kupitia pazia la shuka, na nyuma yake kijana wetu wa mavazi aliangusha benchi la mbao sakafuni kwa nguvu zake zote. Katika shule ya wasichana, benchi lile lilipogonga, walisimama. Walipiga meza, walipiga vijiko, mwalimu wa zamu alizunguka akiwatuliza, nami nyuma ya shuka nikitetemeka. Wiki hiyohiyo tukaenda shule ya wavulana. Benchi likagonga. Kimya. Kisha sauti moja nzito kutoka nyuma: "Na watoto je, madam?" Bwalo likalipuka, nusu wakimzomea, nusu wakimuunga mkono, na mwalimu wao wa fasihi akaacha wabishane mpaka kengele ikalia. Hakuna mchambuzi wa gazeti aliyewahi kuniuliza swali zuri kama la kijana yule, na mpaka leo Nora wangu hutembea kuelekea mlangoni taratibu kidogo kuliko zamani kwa sababu yake.

Baadaye ukaja upande wa Kiswahili. Kigogo ya Pauline Kea ilitulisha vizuri, na tangu Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ianze kutahiniwa 2023, mimi huwa Sara, yule mama mgonjwa. Ina maana asubuhi nalala juu ya meza nikiuguzwa, na jioni Nairobi naulizwa dawa.

Nasikitika kwamba siku za kazi hii ya setibuku zinahesabika. Machi 2020 shule zilipofungwa ndipo tulipojua tumeegemea wapi. Makundi mengine hayakurudi, na mwenzetu mmoja hadi leo anauza mitumba Gikomba na hataki kusikia habari za jukwaa. Sasa mtaala unabadilika, na KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani inatarajiwa mwaka 2027. Sekondari mpya nazo zina fasihi, na kuna mkondo mzima wa sanaa na michezo, kwa hiyo pengine tutahitajika zaidi. Pengine. Wakubwa wa makundi wanakutana kila mara kulijadili hili, na kila mara mkutano unaishia kwenye bei ya mafuta ya basi.

Ndio maana Ijumaa nilipopigiwa simu sikujifanya nina shughuli. Aliyepiga ni mwandishi wa tamthilia, kijana mpole, mwana wa rafiki yangu. "Anti, hii nafasi ni yako kabisa," akasema. "Ni nyanya." Nikamuuliza nyanya wa nani. Akanitajia kaka mmoja ambaye, kwa hesabu zangu, ningekuwa nimemzaa nikiwa darasa la pili. Wanaume wa umri wangu wanaoana skrini nzima na wasichana waliomaliza chuo juzi. Sisi tukipita arobaini tunapewa leso, mkongojo, na kikohozi. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka kwa aibu, akasema bajeti ya vipodozi ya kunizeesha ipo.

Nikamuuliza lililo muhimu: huyu nyanya anakaa vipindi vingapi?

"Anakufa cha nne, Anti. Kifo chake ndicho kinachoanzisha ugomvi wa shamba."

Nikamwambia ugomvi wa shamba hauhitaji maiti, wenyewe tunatoka kwenye familia za watu, tunajua. Azimie tu. Mtu aliyezimia anaweza kugombaniwa shamba msimu mzima, halazimiki kukariri chochote, na analipwa kila kipindi anachopumua. Kijana akanyamaza kidogo, nikasikia kalamu ikiandika. Amesema atamuuliza prodyusa Jumatatu.