Radi ya Mwezi wa Nane

Saa nne asubuhi, Jumatatu, nikiwa katikati ya mizabibu yetu kule Hombolo, nilianza kufukuza nzi. Nampunga anaondoka, anarudi. Kijana aliyekuwa akibeba makreti akasimama kunitazama.

"Mama, unafukuza nini?"

Nikamwonyesha. Hapakuwa na nzi.

Nikafumba jicho la kushoto, nzi akabaki. Nikafumba la kulia, akatoweka. Kumbe alikuwa ndani ya jicho: kiduara cheusi chenye mkia. Nikimfuata anakimbia, nikitulia anashuka polepole kama jani la chai kwenye kikombe.

Dodoma ugonjwa wowote wa macho ni vumbi. Nikanawa, nikapita duka la dawa, wakaniuzia matone bila kuniuliza hata umri. (Miaka 57, na miwani ya kutoona mbali tangu darasa la sita. Daktari alianza na maswali hayohayo mawili.)

Usiku wa Jumanne nikaona radi pembeni, upande wa kulia. Nikamwamsha mume wangu aanue ulezi. Akatoka, akarudi akiguna.

"Nyota tupu. Radi Dodoma, mwezi wa nane?"

Nikafumba macho. Ikapiga tena.

Kulipokucha nzi walishakuwa kundi, kama mtu kanipulizia masizi ya koroboi. Lakini jicho haliumi hata chembe, na mnunuzi alikuwa anakuja Ijumaa, kwa hiyo nikachukua mkasi wangu niende shambani. Binti yangu akaninyang'anya. Tukapanda gari la mjini.

Walinitia matone ya kupanua mboni, tukangoja kama nusu saa. Daktari alikuwa kijana wa rika la mwanangu. Aliniamkia shikamoo kabla ya kuniwekea taa. Akanieleza kwamba jicho limejaa ute mzito, na umri ukisogea ute huo husinyaa na kujibandua kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Nzi wangu ni vivuli vya ute. Na retina ikivutwa haisikii maumivu. Yenyewe inajua mwanga tu, basi inatoa mwanga. Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Yangu ilikuwa imechanika.

"Mama, ungengoja hiyo Ijumaa, maji yangeweza kupenya kwenye mpasuko na kuibandua yote. Ukiona pazia jeusi linaingia upande mmoja, usisubiri kukuche."

Siku hiyohiyo akauzungushia mpasuko leza, vimulimuli vya kijani hadi nikahesabu nikachoka.

Nje jua la saa nane lilinipiga kama kofi, mboni zimefunguka kama za paka. Nilikwenda hadi stendi nimejifunika khanga uso mzima, binti ameshika mkono wangu. Zabibu alikuja kuzivuna shemeji, na bei aliyokubali siitaji.

Nzi mmoja amebaki. Nikitazama ukuta mweupe yupo. Kijana wa makreti akiona nimeduwaa hunichokoza:

"Mama, kaja?"

"Kaja."