Una Nini Nyumbani?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii swali la Elisha kwa yule mjane wa 2 Wafalme 4 halijaniachilia: una kitu gani nyumbani? Mdai yuko mlangoni, wana wawili karibu wachukuliwe utumwani, na nabii anaanza kwa kuuliza kilichomo ndani.

Wengi wetu hatujaifanya hesabu hiyo tangu Korona. Ugonjwa ulipoingia Kenya Machi 2020, benki zilikubali kusogeza marejesho, na mikopo iliyoanza kukwama kuanzia 1 Aprili haikupelekwa CRB, wale wanaotunza rekodi za wasiolipa mikopo, kwa miezi sita. Lakini kusogezewa si kusamehewa. Deni lilibaki, na riba yake pia. Kazi hazikurudi upesi, pengo likazibwa na mikopo ya simu. Chukua shilingi 5,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Ukiulipa mkopo huo kila mwezi kwa kukopa kwingine, mwaka ukiisha unadaiwa karibu 12,600, na unga ulionunua ni ule ule wa mwezi wa kwanza. Mithali 22:7 inamwita akopaye mtumwa, na hii ndiyo minyororo yenyewe.

Basi shika daftari. Kila deni na mstari wake: nani anadai, kimebaki kiasi gani, tarehe ya kulipa, na linaongezeka shilingi ngapi kwa mwezi. Tenga kwanza kodi ya nyumba, chakula na dawa. Kila mdai mpe kiwango chake cha chini, kisha ziada yote ielekeze kwenye deni linalokua haraka kuliko mengine. Mara nyingi ni la simu. Mjane alijifungia ndani pamoja na wanawe. Nawe kaa na mwenzi wako, maana deni lililofichwa kwenye simu ya mmoja huvuruga bajeti ya wote.

Deni la sacco, chama cha akiba na mikopo, nalo lina uchungu wake. Riba yake ni nafuu, ndiyo maana watu huliacha la mwisho, wakisahau wadhamini. Ukikwama ukiwa na salio la 90,000 na akiba ya 30,000, chama kinakata akiba yako kwanza. Zile 60,000 wanabebeshwa wadhamini. Wakiwa watatu na wakigawana sawa, 20,000 kila mmoja, kutoka kwenye akiba ya karo ya watoto wao.

Ndugu yangu, mdhamini huyo anaketi benchi la tatu. Umehamia ibada ya pili msikutane, simu yake hupokei, na bado unainua mikono kusifu. Warumi 13:8, isemayo tusiwiwe na mtu chochote ila kupendana, hairuhusu jambo hilo. Na sisi wengine, majirani wa yule mjane walimwazima vyombo vitupu tu. Nasi tusaidie kimya kimya, tuache kumtaja mwenye madeni kwenye orodha ya harambee mbele ya watu.

Kabla ya Jumapili, mpigie mdhamini wako. Usianze na udhuru. Mwambie salio, mwezi ulioacha kulipa, na unachoweza kutoa sasa, hata ikiwa ni 1,500. Kisha nendeni wote wawili ofisi ya chama mkaombe marejesho yapangwe upya, kwa maandishi, na muulize riba ya miezi itakayoongezwa ni kiasi gani kabla hamjatia sahihi.