Skuta ya Gongoni: kumbukumbu ya kutafuta kwa nini inakataa kuwaka

Skuta hii niliinunua Gongoni, kaskazini mwa Malindi, kwa shilingi elfu 28. Ni ya Kichina, sisi 150, injini ya silinda moja inayopozwa kwa feni, aina ile ya GY6 ambayo viwanda vingi vya China vimeitengeneza kwa miaka mingi, hata spea ya chapa moja inaingia kwenye chapa nyingine. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nitoe pesa. Mashine ya aina hii hata ichoke vipi, kifaa chake utakipata, kama si hapa Malindi basi Mombasa.

Ubaya wake ni pale ilipokaa. Kuanzia Gongoni kwenda Marereni ni upande wa mashamba ya chumvi, na skuta ilikuwa ikilala nje. Boliti zimeota kutu, ncha za waya wa shaba zimegeuka kijani, na viungio vya plastiki chini ya kiti vimeshikana kwa unga mweupe.

Muuzaji alikuwa muungwana, hakunificha kitu. "Ndugu yangu, nimeweka betri mpya, plagi mpya, kabureta mpya, na bado ina kichwa kigumu." Nikayaandika maneno hayo kwenye daftari kabla ya kuisukuma kuipakia kwenye pikapu. Vitu vitatu vimeshabadilishwa na ugonjwa uko pale pale, kwa hiyo huenda ugonjwa haukuwahi kuwa hapo.

Naitaka skuta hii kwa safari za jioni kwenda Mambrui, ambako nasomesha watoto hesabu. Ukizimikiwa ng'ambo ya daraja la Sabaki magharibi ikiingia, una kazi ya kusukuma. Kwa hiyo lengo langu si iwake tu. Nataka iwake kila mara, ikiwa baridi na ikiwa imechemka.

Tabia zake

Kabla ya kushika spana niliikalia siku kadhaa nikiandika inavyofanya. Asubuhi selfu, ile mota ya kuwashia, inazunguka kwa uvivu, inajikongoja, na mwisho unaishia kupiga kiki. Ikishawaka inakwenda vizuri, tena kwa utulivu, haina kelele hata kidogo. Lakini ukiendesha mwendo mrefu ukaizima, ukasimama kusalimiana na watu, ukirudi haiwaki. Iache kivulini ipoe, itawaka kama hakuna kilichotokea. Na plagi ukiitoa ni nyeusi tii, ina masizi.

Hayo ni malalamiko matatu, na naona watu wengi huyachukulia kuwa moja: "Skuta haiwaki." Fundi akisikia hivyo atafungua kabureta, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono. Ila uvivu wa selfu asubuhi na ukaidi wa injini iliyochemka vinaweza kuwa havina uhusiano wowote. Nikaamua kulifuata kila lalamiko peke yake.

Jumamosi: selfu

Kwanza jambo dogo linalowasumbua wageni wa skuta: selfu haiitiki mpaka ushike breki. Kuna swichi ndogo ndani ya mkono wa breki, nayo ikila chumvi, selfu inakufa wakati mwingine na kufufuka wakati mwingine. Yangu niliisafisha, lakini shida yangu ilikuwa uvivu, si kimya.

Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikashikilia ncha za mita kwenye vichwa vya betri huku nikibonyeza selfu, ikashuka hadi 11 hivi. Hiyo ni betri nzima. Betri iliyochoka ingeporomoka hadi 9 au chini yake. Kama betri ina nguvu na selfu inajikongoja, basi umeme unatoka lakini unapotelea njiani.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila mwenye pikipiki hapa pwani akijue. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza selfu. Waya mzuri utakusomea karibu na sifuri. Ukizidi nusu volti, una tatizo. Wangu ulisoma 1.8. Nguvu yote hiyo ilikuwa inaliwa na waya mmoja unaounganisha betri na bodi.

Nilipofungua boliti yake chini ya sakafu ya miguu, pete ya waya ilikuwa imevaa kutu ya kijani juu na chini. Nikakata ncha, nikaweka pete mpya, nikapiga msasa chuma mpaka kikang'aa, nikafunga na kupaka grisi juu. Grisi ni mafunzo ya ami yangu, ambaye amefunga mashine za boti maisha yake yote. "Mwanangu, huku kwetu waya usiopakwa kitu ni waya uliokopwa," aliniambia, na akasimama kuhakikisha nimepaka na upande wa selfu pia, na kwenye vichwa vya rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye selfu. Kipimo kikarudi chini ya 0.2. Selfu sasa inazunguka kwa nguvu.

Mwenye skuta wa zamani alinunua betri nzima kwa sababu ya pete hiyo ya waya.

Jumapili: moto wa plagi

Hapa sikukaa sana. Skuta nyingi za aina hii CDI yake, kile kisanduku kinachotoa umeme wa cheche, inalishwa na koili iliyo nyuma ya feni, si betri, ndiyo maana kiki inaweza kuiwasha hata betri ikiwa imekufa. Ziko nyingine zinazotegemea betri, kwa hiyo ni vizuri kujua yako ni ipi. Nilichomoa betri, nikagusisha plagi kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki: cheche ya buluu, nzito. Basi yangu haitegemei betri.

Kofia ya plagi niliifungua kwa kuizungusha, nikakata kipande kidogo cha mwisho wa waya uliokuwa mweusi, nikaikaza upya kwenye shaba safi. Uwazi wa plagi nikauweka 0.7 milimita. Waya wa kuzimia, ambao kwa injini hizi ni mweusi wenye mstari mweupe, niliufuata wote mpaka kwenye swichi ya ufunguo, kwa kuwa ukichubuka na kugusa bodi, moto unakatika. Ulikuwa mzima. Umeme wa cheche nikauweka kando.

Petroli na choki

Kabureta mpya ilikuwa mpya kweli, safi ndani, jeti zote mbili unaona mwanga ukizielekeza juani. Koki ya petroli ya skuta hizi hufunguliwa na mvuto wa hewa kutoka injini: bila injini kuzunguka, petroli haishuki. Nilivuta kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, petroli ikashuka, nikaachia, ikakata. Koki hiyo ikipasuka ngozi yake ya ndani, petroli hupita kwenye mpira wa mvuto moja kwa moja hadi injini, na injini inalewa. Kwa hiyo usivute kwa nguvu, usije ukainywa.

Kilichobaki ni choki. Hii haina mkono wa kuvuta. Ni kidude chenye waya mbili kilichokaa ubavuni mwa kabureta, ndani yake mna nta na kipasha moto. Injini ikiwa baridi, njia ya petroli ya ziada iko wazi. Ikishawaka, umeme unakipasha, nta inatanuka, sindano inachomoza pole pole na kuifunga njia. Nilikitoa nikakiunganisha na betri, nikakishika mkononi kama dakika tano. Hakikupata joto, sindano haikusogea. Kumbe injini ilikuwa ikinyweshwa petroli ya asubuhi kutwa nzima, na ndiyo hayo masizi kwenye plagi. Kabureta ilikuja mpya, lakini choki iliyofungwa juu yake ilitolewa kwenye ile ya zamani. Alama za koleo zilionekana wazi.

Nikaagiza Mombasa, ikafika kwa basi. Baada ya kuifunga na kuendesha siku mbili tatu, plagi ilitoka na rangi ya kahawia iliyopauka, ndiyo inayotakiwa. Ukaidi wa injini iliyochemka ukapungua. Haukwisha.

Ukaidi wa joto

Hii ndiyo sehemu iliyonichukua muda, na ndiyo naona itamfaa mwingine.

Mashine ikikataa ikiwa moto, ipime pale pale ilipokataa. Ukisubiri ipoe, ushahidi umeondoka. Kwa hiyo nilibeba spana ya plagi na plagi ya akiba chini ya kiti, na siku ilipokataa Mambrui nilikuwa tayari. Cheche ipo, nzuri. Plagi haijalowa, haijakauka kupita kiasi. Ila nilipokanyaga kiki, mguu ulishuka laini mno, kama kukanyaga pampu ya baiskeli yenye mpira uliotoboka. Asubuhi kiki hiyo hiyo ilikuwa na ubishi. Kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ilikuwa inakimbia injini ikipata joto.

Fundi mmoja wa Maweni, mtu ninayemheshimu, aliikanyaga mara moja akasema ni ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni: tuchonge bloku, tuweke pistoni ya saizi ya juu. Inawezekana. Lakini hiyo ni kazi ya pesa nyingi, nikamwomba anisaidie geji ya kompresheni kwanza. Ikiwa moto, ilisoma kama psi 70. Tukatia oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi, tukazungusha tena. Oili hukaa juu ya pistoni na kuziba pengo la ringi kwa muda. Kama ringi ndizo zinazovuja, namba hupanda. Haikupanda. Tukatazamana. "Basi ni valvu, kaka," akasema, na akaacha habari ya kuchonga bloku papo hapo. Fundi wa namna hiyo ni wa kushikamana naye.

Niliiacha ilale usiku kucha, kwani tapeti za injini hizi, yaani skrubu zinazosukuma mashina ya valvu, uwazi wake hupimwa ikiwa baridi kabisa. Asubuhi nikafungua mfuniko wa valvu, nikazungusha feni mpaka alama ya T ikakaa sawa na alama ya bodi, na tundu kubwa la gia ya kemu, mhimili unaofungua valvu, likatazama juu, dalili kwamba valvu zote mbili zimefunga. Kipimo cha uwazi kinachotumika sana kwa injini hii ni 0.10 milimita. Upande wa kuingiza hewa, karatasi ya chuma ya 0.05 iliingia kwa taabu. Upande wa moshi, hiyo ya 0.05 haikuingia kabisa. Hapakuwa na uwazi.

Valvu inavyogonga kiti chake miaka na miaka, inazama ndani kidogo kidogo, na shina lake linapanda juu kuelekea tapeti. Uwazi unapungua. Ikiwa baridi bado valvu inafunga, japo kwa shida. Ikipata joto, shina la valvu ya moshi linarefuka, tapeti inaizuia isifunge, kompresheni inavuja, na unapiga kiki mpaka jasho likutoke. Ikipoa inarudi. Ndiyo ile tabia niliyoiandika tangu mwanzo.

Na ule utulivu wa injini nao ulikuwa ushahidi. Tapeti yenye uwazi sahihi hulia kidogo, tiki tiki, hasa ikiwa baridi. Isiyo na uwazi hainong'oni. Hapa mtaani watu huisifu pikipiki isiyosikika, na anayeuza huuza kwa sifa hiyo. Mimi sasa nikisikia injini kuukuu ya aina hii imenyamaza kabisa, nauliza mara ya mwisho tapeti zilipimwa lini.

Nikaziweka zote mbili 0.10, nikakaza nati, nikapima tena kwa sababu kukaza kunaweza kusogeza kipimo, nikafunga mfuniko na gasketi mpya. Geji, injini ikiwa moto: psi 135. Siku hiyo hiyo nilikwenda Mambrui, nikazima mbele ya msikiti, nikaswali, nikarudi. Selfu ikaguswa tu, ikawaka. Jirani wa nyumbani alisikia mlio mpya akatoka nje. "Mwanangu, mbona sasa inagonga?" Nikamfungulia kiti nikamweleza, naye akaleta pikipiki ya mwanawe tuipime.

Kilichobaki

Tanki lina kutu ndani, nimetia chujio kwenye mpira wa petroli na nitalisafisha pepo za kaskazi zikianza na kazi ya masomo ikipungua. Viungio chini ya kiti nimevisafisha nusu.

Jambo kubwa ni valvu ya moshi. Kama imezama kwa uzee tu, kipimo kitakaa. Kama kiti chake kimeungua, uwazi utajifunga upya haraka, na hapo itabidi kichwa cha injini kishushwe, valvu isagwe na kiti chake. Nataka kuipima tena baada ya kilomita 500. Mita ya skuta imekufa, kwa hiyo nahesabu kwa petroli: inakula karibu lita tatu kwa kilomita 100, nikifikisha lita 15 nafungua mfuniko.