Jumapili ya Victoria Park

Mjomba wangu, baharia aliyeacha meli akalowea Stepney, mashariki mwa London, alinikataza kabisa kupita mtaa wa Brick Lane siku ya Jumapili. Asubuhi hizo vijana wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, walisimama pale kuuza magazeti yao, na mtu mweusi akipita huambulia matusi, pengine na ngumi. Mwaka 1977 chama hicho kilikuwa kimepata kura zaidi ya 119,000 katika uchaguzi wa halmashauri kuu ya London. Halikuwa jambo dogo.

Jumapili ya tarehe 30 Aprili 1978 nilitoka hata hivyo. "Mjomba," nilimwambia, "leo siko peke yangu."

Trafalgar Square ilifurika. Rock Against Racism, vuguvugu la muziki dhidi ya ubaguzi lililozaliwa 1976 baada ya mpiga gitaa Eric Clapton kusimama jukwaani Birmingham na kutaka wageni waondolewe Uingereza, liliungana na Anti-Nazi League, umoja wa kuipinga National Front. Tukaandamana hadi bustani ya Victoria Park, Hackney, kwenye tamasha, bendi zikipiga juu ya malori, vichwa vikubwa vya karatasi vya Hitler na wakubwa wa National Front vikiyumba juu yetu.

Mimi niliwafuata The Clash, bendi ya panki, yaani roki ya kasi na hasira. Katika sahani yao ya kwanza waliupiga wimbo wa Junior Murvin wa Jamaika kuhusu polisi na wezi, bila kujitia Ujamaika: besi ya Paul Simonon inatembea taratibu, mara magitaa yanaingia kwa ukali wa panki. Niliwaamini kwa hilo.

Wimbo wao "White Riot", yaani ghasia za weupe, ndio ulionitia wasiwasi. Joe Strummer na Simonon walikuwapo kwenye kanivali ya Notting Hill, London, Agosti 1976, vijana weusi walipopambana na polisi, na Strummer aliuandika kuwataka vijana weupe nao wainuke kudai haki zao. Lakini jina lile wabaguzi walilipenda.

Sasa pale Victoria Park, mbele ya umati usio na mwisho, Jimmy Pursey, mwimbaji wa bendi ya Sham 69, akapanda jukwaani kuuimba pamoja na The Clash. Asiyekuwapo enzi zile hawezi kujua uzito wake. Mashabiki wake wengi walikuwa skinhedi, vijana weupe wa kunyoa vipara, watu wa aina ileile waliotukimbiza usiku Bethnal Green. Kando yangu alisimama mmoja wao, kipara kinang'aa, suruali imekunjwa juu ya mabuti, na kifuani beji ya mshale ya Anti-Nazi League. Pursey alipotokea, kijana yule akanishika bega, tukaruka pamoja mpaka wimbo ukaisha. Sikuwahi kuguswa na mtu kama yeye bila kuumizwa.

Tarehe 4 Mei, Altab Ali, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kutoka Bangladesh, aliuawa kwa kisu karibu na Brick Lane akirudi nyumbani kutoka kazini. Mjomba aliniuliza kwa uchungu, "Haya mwanangu, muziki wenu umemsaidia nini?" Nilimwambia kwamba tarehe 14 watu wataandamana na jeneza hadi Downing Street, kwa waziri mkuu, na nikamwomba twende sote.

Alikuja, na mabaharia wenzake wawili.