Ngumi ya kwanza ilinikuta nimebana pumzi

Miaka mitatu niko kwenye taijiquan, sanaa ya kupigana ya Kichina ya mwendo laini, na kusema kweli nilikuwa najiona niko fiti, fomu, ule mfululizo wa mikao, naijua, zhan zhuang, lile zoezi la kusimama tuli, nasimama nusu saa, na kwenye tuishou, ule mchezo wa kusukumana mikono mkiwa mmegusana, kuna mijitu minene kuliko mimi nilikuwa naiyumbisha. Basi siku mwalimu aliposema vaeni glavu leo sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, nikajisemea haya, leo watanijua.

Walinijua kweli. Ngumi nyepesi tu ya mkono wa mbele, pua ikawaka moto, mabega yakapanda mpaka masikioni, macho nimefumba, pumzi nimeibana kama mtu anapiga mbizi. Ule ulaini wote sijui ulienda wapi.

Nimekuja kuelewa baadaye. Tuishou inaanza mkiwa mmeshagusana, unamsikiliza mwenzio kwa ngozi, akiegemea unajua. Sasa kwenye sparingi jamaa yuko mbali, hakuna cha kusikiliza, ngumi inakuja na kurudi kwake kabla hujaigusa, na mimi nimesimama nasubiri kuguswa kama bwana harusi. Mwenzetu mmoja anayefanya xingyi, sanaa nyingine ya kupigana ya Kichina, alicheka sana, akaniambia wao wanafundishwa kuingia, mguu wa mbele unapiga hatua na mkono unaenda nao, hawakai kusubiri mgeni mlangoni.

Kwa hiyo mwalimu akanirudisha chini kabisa. Mwenzangu anarusha ngumi moja ileile, nusu spidi, mimi sirudishi, kazi yangu ni kutoa pumzi kwa sauti na kuingia mpaka mkono wangu unate kwenye wake. Raundi za dakika mbili, wiki nzima, inachosha na inaboa hatari. Halafu ngumi mbili. Halafu asiniambie ipi inakuja, na hapo mabega yakapanda tena upya.

Wale wanaosema mbinu zetu ni za kuua ndo maana hatufanyi sparingi, mimi siwaelewi tena. Mwaka 1954 kule Macau Wu Gongyi wa taiji alipanda ulingoni na Chen Kefu wa korongo mweupe, mtindo mwingine wa kung fu, raundi mbili, damu za pua, mikono inaruka hovyo, ikaishia bila mshindi. Watu wanaiangalia wanacheka. Mimi nikimwangalia yule mzee Wu wa miaka 50 na kitu najiona mwenyewe, maana ule uhovyo naujua, ila yeye alipanda mbele za watu.

Juzi lakini! Ngumi ikaja, mkono ukanata, nikajikuta nimeshaingia na bega langu kifuani kwake, akarudi hatua mbili nzima. Nikasimama pale kuistaajabia kazi yangu, akanitandika nyingine ya pua.