D ya Fizikia au A ya Jiografia

Mwaka 2010, wiki chache baada ya kuripoti kidato cha tano, tangazo fupi lilibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya taaluma. Anayetaka kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo yake matatu, aandike jina lake kabla ya Ijumaa saa nane mchana. Baada ya hapo hakuna mjadala. Darasa letu la PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, lilikuwa na wasichana zaidi ya thelathini, na kufikia jioni hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa anazungumza jambo jingine.

Shule ilikuwa ya bweni, ya serikali, mkoani Morogoro. Jina lake nitaliacha, kwa sababu walimu waliokuwepo walitufundisha kwa moyo wao wote. Tatizo lilikuwa wale ambao hawakuwepo. Mwalimu pekee wa Fizikia ya A-level alikuwa amekwenda kusomea shahada ya pili, na mbadala wake alikuwa hajaletwa. Kipindi cha Fizikia kilipofika tulikaa na madesa tuliyorithi kwa dada wa fomu siksi, tukanakili hesabu ambazo hakuna aliyeweza kutuambia zimetoka wapi. Wao wenyewe dada zetu walikuwa wakihangaika vilevile. Matokeo ya waliowatangulia yalikuwa yamebandikwa palepale ofisini, na safu ya Fizikia ilikuwa imejaa S na F toka juu mpaka chini.

Pembeni yake kulikuwa na safu ya Jiografia. A, B, B, A, C. Shule ilikuwa na walimu wawili wa Jiografia, wote wazuri, na mmoja wao alikuwa msahihishaji wa mitihani ya taifa.

Sasa, PCB na CBG zinatofautiana kwa somo moja tu. Kemia ileile, Baiolojia ileile, hata masomo ya nyongeza, BAM ambayo ni hisabati ya msingi na GS ambayo ni maarifa ya jumla, ni yaleyale. Unatoa Fizikia, unaingiza Jiografia. Kwa mtoto wa miaka kumi na minane aliyeona safu zile mbili ubaoni, hesabu ilikuwa imeshajifanya yenyewe.

Rafiki yangu tuliyelala naye dabodeka moja, yeye juu mimi chini, alikuwa na akili kunizidi. Nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo; Kemia ya kidato cha nne yeye alipata A na mimi C. Wote wawili tulikuja pale tukiutaka udaktari. Alinong'ona usiku kutoka kitanda cha juu: "Mimi kwetu ni wa kwanza kufika huku. Nikipata divisheni thrii nimekwisha. Nikipata wani, hata kama ni ya CBG, bado ni wani."

Jumatano matroni aliruhusu simu za nyumbani. Nilimpigia baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi huko Masasi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiniamulia mambo ya shule. Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho na kila jambo la darasani alimwachia mdogo wake.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hiyo Fizikia ina mwalimu?"

"Haina."

"Basi unangoja nini? Hamia huko kwenye walimu. Mwanangu, wani ni wani. Hakuna mtu atakayekuuliza ulisoma nini, watakuuliza ulipata divisheni gani."

Alisema kwa upendo, na kwa uzoefu wa maisha yake alikuwa sahihi. Kijijini kwetu aliyepata divisheni wani alitajwa kanisani na msikitini. Hakuna aliyewahi kutajwa kwa D ya Fizikia.

Alhamisi baada ya chakula cha jioni, mwalimu wa taaluma alituita PCB wote maabara. Alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa Historia, si mtu wa sayansi hata kidogo. Akaja na kitabu kipya kabisa chenye jalada la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka ule ndio tume ilikuwa inaanza mfumo wa pamoja wa udahili, ambapo mwombaji anaomba vyuo vyote kwa mlango mmoja badala ya kupeleka fomu chuo kimoja kimoja, na kitabu kile kilieleza kila kozi ya kila chuo inadai nini. Wengi wetu hatukuwahi kujua kwamba kitu kama kile kipo. Tulidhani unafaulu, halafu serikali inakuona.

Alianza kwa kuchora ubaoni safu mbili za namba. Upande mmoja NECTA, baraza la mitihani: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7, masomo matatu ya tahasusi yanajumlishwa, na ukiwa kati ya 3 na 9 una divisheni wani. Upande wa pili TCU: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huku kidogo ndiyo kizuri, huku kikubwa ndicho kizuri. Kisha akachora mstari chini ya E. "Kuanzia E kupanda juu ni prinsipo, yaani ufaulu kamili. S siyo prinsipo. Mkumbuke mstari huu, maana ndiyo unaowatenganisha watu."

Rafiki yangu alinyoosha mkono. Swali lake nimelibeba miaka yote hii.

"Madamu, mtu mwenye D ya Fizikia na mtu mwenye A ya Jiografia, chuo kinamtaka nani?"

Madamu hakujibu upesi. Alifungua kitabu, akavaa miwani, akasema: "Kwa kozi gani?"

"Kozi yoyote."

"Hakuna kozi yoyote, binti yangu. Nitajie kozi."

"Udaktari wa binadamu."

Akasoma kwa Kiingereza, kisha akatueleza kwa Kiswahili. Prinsipo tatu: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Akageuza ukurasa kwenda chuo kingine. Fizikia, Kemia, Baiolojia. Kingine. Vilevile. "Mwenye A ya Jiografia hapa haonekani. Siyo kwamba anashindwa, hasomwi kabisa. Tiketi ya Mbeya, hata iwe ya siti ya mbele, haikufikishi Tanga."

Kisha akatufanyia haki kwa kutusomea na upande wa pili. Kilimo kule Chuo Kikuu cha Sokoine, CBG inakaa vizuri sana. Sayansi ya mazingira, vizuri. Ualimu wa Baiolojia na Jiografia, vizuri, na walimu wa sayansi walikuwa wakipewa kipaumbele kwenye mikopo. Msichana wa HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, aliyekuwa amesimama dirishani akisikiliza naye aliuliza kuhusu uchumi, akaambiwa kozi nyingi za uchumi na takwimu zinaangalia Hisabati, aende akazungumze na mkuu wa shule kuhusu EGM, yenye Uchumi, Jiografia na Hisabati, kesho yake asubuhi. Nakumbuka alivyoondoka anakimbia.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakutuficha hatari. "Sikilizeni. Sifa iliyoandikwa humu ni ya kukuruhusu upange foleni, siyo ya kukupa nafasi. Muhimbili wanaoomba udaktari ni wengi na viti ni vichache. Wanaanza na wenye A na B, wanashuka mpaka viti viishe. Kwa hiyo kubaki PCB siyo kuwa daktari. Na Fizikia ikikupa S, udaktari umeondoka, unabaki na prinsipo mbili za kutafutia kozi nyingine. Mwalimu wa Fizikia simwahidi mtu. Nimeandika barua, nimepiga simu, sijajibiwa." Sauti yake ilipofika hapo ilitetemeka kidogo, na mimi nikaelewa kwamba hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko yetu. Alikuwa anatuambia ukweli wote na hakuwa na cha kutupa zaidi ya ukweli huo.

Usiku ule hatukulala. Rafiki yangu alikaa ukingoni mwa kitanda changu na daftari akipiga hesabu zake kwa namba zote mbili, ya NECTA na ya TCU. Hakuwa mwoga, na sitaki asomwe hivyo. Nyumbani kwao kulikuwa na wadogo wanne na mama peke yake. Kozi kwake haikuwa ndoto tu, ilikuwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ilikuwa ajira, ilikuwa ada ya hao wadogo. Aliniambia: "Wewe ukipata S una baba mdogo. Mimi nikipata S naenda kuuza vitumbua na mama." Sikuwa na jibu la kumpa, na hata leo sina.

Mimi niliamua kubaki. Sababu yangu ilikuwa nyembamba: nilikuwa nimeijua kozi ninayoitaka, nilikuwa nimesikia inadai nini, na nilijiona naweza kuvumilia nikishindwa, ila siyo kukataliwa kabla ya kusomwa. Ijumaa asubuhi zaidi ya nusu ya darasa walipanga mstari ofisini. Tulipoingia maabara Jumatatu tulitosha kwenye benchi za mbele.

Mengine nayapitia haraka. Mwanachuo wa ualimu alikuja kufanya mazoezi ya kufundisha, akatupigia pindi mpaka za Jumapili. Wazazi walichangishana kumlipa mwalimu wa muda kutoka mjini. Tulisoma Fizikia kwa msuli, usiku, kwa kufundishana, tukigawana mada kila mtu yake. Mwalimu wa serikali alifika tukiwa tumeshaingia kidato cha sita.

Matokeo ya 2012 yalipotoka, rafiki yangu alikuwa na A ya Jiografia, B ya Baiolojia, C ya Kemia. Divisheni wani ya pointi 6. Mimi nilipata D ya Fizikia, C ya Kemia, C ya Baiolojia. Divisheni tuu ya pointi 10. Kwa namba za TCU yeye alikuwa na 12, mimi 8. Baba mdogo alikaa kimya kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama naweza kurudia mtihani.

Muhimbili sikupata, kama madamu alivyosema. Nilipata udaktari kwenye chuo cha Kanda ya Ziwa, chaguo langu la chini. Rafiki yangu alijaribu kuuchagua udaktari kwa pointi zake 12 na mfumo ukamkatalia, kama naye alivyojua utamkatalia. Alikwenda Sokoine, akasoma kilimo, akamaliza vizuri, akasomesha wadogo zake wote wanne. Kazi yake anaipenda. Ninachoshindwa kukisamehe hakimhusu yeye wala uamuzi wake. Msichana mwenye A ya Kemia ya kidato cha nne aliiacha kozi aliyoitaka kwa sababu kiti kimoja cha mwalimu kilikuwa kitupu, na hakuna karatasi yoyote duniani inayoonyesha hivyo. Kwenye rekodi anasomeka kama aliyechagua.

Mwaka 2024 serikali ilipotangaza tahasusi mpya na zote kwa jumla zikafika 65, binti wa kaka yangu, aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha nne, alinipigia akiwa amechanganyikiwa.

"Shangazi, shikamoo. Nina A ya Kiswahili na A ya Historia. Kemia, Fizikia na Baiolojia zote C. Babu mdogo anasema niende HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, wani ya uhakika."

"Marahaba. Unataka kusoma nini chuo?"

"Famasia. Ila ninaogopa Fizikia."

Nilimwambia kuogopa ni sawa. Tukafungua kitabu cha TCU kwenye simu, yeye kwake na mimi kwangu, tukasoma masharti ya famasia chuo kimoja baada ya kingine, na nikamtaka asome kwa sauti mwenyewe. Kisha tukaenda kwenye kozi za lugha na sheria, tukasoma na hizo kwa uangalifu uleule, kwa sababu A mbili zile zilikuwa zake kweli na zilistahili kusomewa mlango wao.

Alipotaka kuingia kwenye mfumo wa Selform kubadili machaguo, nilimwomba asubiri kidogo. Kila shule aliyotaka kuijaza, atafute kwanza mwanafunzi anayesoma pale sasa hivi na amuulize kama Fizikia ina mwalimu, na kama huyo mwalimu anaingia darasani. Aliuliza kwa nini asipige tu simu ofisini kwao. Nikamwambia aulize wanafunzi.